Sura ya Tano: Mapipa ya Mtakatifu Rokku

Mapipa matatu hayakuwa na lebo. Mengine yote kwenye banda la mawe yalikuwa nazo, safi kabisa, na ndiyo maana Inspekta Marthese Xuereb alipiga magoti vumbini na suruali yake mpya, akalinusa pipa la kwanza kama mtu anayenunua samaki.

"Gundi," alisema. "Njoo uguse."

"Naiona kutoka hapa, afande," Sajini Pinu Cachia alijibu. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Wataalamu wa jeshi walishasema banda ni salama, na Pinu alikuwa amewaamini kwa maneno lakini si kwa miguu.

Marthese alipitisha kidole ubavuni mwa pipa. Palikuwa na alama ya mraba uliosimama kwenye kona yake, inayonata kidogo, iliyoshika vumbi kuliko sehemu nyingine. Kona zote nne zilikuwa zimenyooka. Aliyeitoa lebo hiyo hakuichana. Aliingiza kisu chembamba chini yake, akainyanyua taratibu mpaka ikatoka nzima.

"Hii haikudondoka yenyewe. Mtu alikaa chini akaifanyia kazi."

"Fredu," alisema Pinu.

"Ulimwona?"

"Sihitaji kumwona, afande. Namjua."

Ng'ambo ya ukuta wa shamba, chumba cha kuchanganyia fataki kilikuwa kimebaki kuta mbili na harufu. Humo ndimo alimokuwa Clayton Gatt siku ya Jumatano mchana, peke yake, akipima unga kwa ajili ya sikukuu. Moto mdogo ulishika kwenye ukingo wa pipa lililokuwa wazi. Mkulima wa jirani alimwona kijana akiruka ndoo ya mchanga iliyokuwa mlangoni na kukimbilia mpira wa maji. Unga wa metali ukishika moto, kisha ukapewa maji, hausubiri mtu akimbie. Clayton alifia hospitalini asubuhi iliyofuata.

Kila mtengeneza fataki mwenye leseni kisiwani Malta anaijua lebo ya bluu. Maana yake ni moja tu: maji marufuku, tumia mchanga. Clayton alikuwa na leseni hiyo, tena aliipata kwa alama za juu. Akatumia maji kwa sababu pipa halikumwambia kitu.

Hayo kijiji cha Ħal Żnuber kilikuwa kimeshayasema yote kabla polisi hawajafika, na mtu wa kubebeshwa lawama kilikuwa naye tayari. Kijiji hicho kina watakatifu wawili na hakijawahi kuwatosha. Wa Mtakatifu Rokku ni wekundu, wa Mtakatifu Leonardu ni bluu, na kila klabu ina bendi yake, baa yake na wapenda fataki wake, watu wazima wanaotoka kazini na kwenda kuchanganya moto bure kwa ajili ya mtakatifu. Ila mwenye leseni ya kuagiza kemikali alikuwa mmoja tu, Fredu Spagnol, na Fredu alikuwa bluu mpaka kwenye mifupa. Wekundu walinunua kwake kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Kampuni za meli hazipendi mzigo wa hatari, hivyo mapipa ya klabu zote mbili yalisafiri kontena moja kama mawifi waliogombana.

"Tumeshamshikilia tangu jana," Pinu alikumbusha. "Jioni sheria inatutaka tumshtaki au tumwachie."

"Najua sheria, Pinu. Hebu nisomee haya mengine. Lebo za njano?"

"Zipo zote."

"Nyekundu?"

"Zipo."

"Kwa hiyo ni bluu tu iliyotolewa." Marthese alisimama, akajipangusa magoti. Pinu alisema ndiyo maana ni mauaji, kwa sababu bluu ndiyo inayoua ikikosekana. Jambo hilo halikumkaa vizuri Marthese.

* * *

Fredu Spagnol alikuwa mnene, mtulivu, na alinuka jasho la mtu aliyelala na nguo. Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha moja linaloangalia barabara, na nje watu walikuwa wameanza kukusanyika.

"Nieleze tena mzigo ulivyokuja," alisema Marthese. "Sina haraka."

"Wao wanayo," Fredu alisema, akielekeza kidevu dirishani.

"Nieleze mimi."

Fredu alishusha pumzi. "Kwanza kibali. Bila kibali kiwanda hakinijibu hata salamu. Nikishakipata, wanafunga mapipa kule Hispania, kila moja linabandikwa lebo yake, halafu mkaguzi wa meli anayazunguka moja moja. Lebo ikikunjika kona tu, pipa linabaki gatini. Mwaka juzi niliacha mzigo wa watu kwa sababu mvua ilififisha rangi. Walinitukana klabu zote mbili. Siku hiyo nilikuwa nimewapatanisha."

"Na bandarini kwetu?"

"Wanakagua tena. Kisha mnanipa konstebo anisindikize mpaka mlangoni. Alikaa kando yangu kwenye lori, akala mkate wangu. Muulizeni."

Walikuwa wameshamuuliza. Konstebo alikumbuka mkate. Lebo hakuziangalia.

"Uliyafikisha mpaka bandani kwao?"

"Mimi?" Fredu alicheka bila furaha. "Mguu wangu haujawahi kukanyaga kule. Wananisimamisha barabarani, wanashusha wenyewe. Mwaka huu Salvu Gatt, baba yake Clayton, hata mkono hakunipa. Alinihesabia mapipa kwa fimbo."

Pinu alitoa mfuko wa plastiki na kuuweka mezani kwa raha zote. Ndani mlikuwa na kisu chembamba chenye gundi kavu, kimezungukwa na vipande vya karatasi za lebo. "Tumekikuta kwenye lori lako. Nacho utasema ni cha mkate?"

"Ni cha mapipa matupu," alisema Fredu. "Pipa likishakuwa tupu na likasafishwa, ni kosa kuliacha na lebo ya hatari. Zima moto wakilikuta barabarani watafunga mtaa mzima. Kwa hiyo nazitoa. Hiyo ndiyo kazi yangu, Sajini, kufuata sheria ambazo wengine wanazicheka."

"Pasaka ulisema nini baa?"

"Nilisema wataungua wao na mtakatifu wao."

"Huyo hapo," Pinu alimwambia Inspekta.

"Na wao waliniambia nizame nifie baharini," alisema Fredu. "Kila mwaka tunaambiana. Mpaka Agosti iishe tunachukiana. Septemba tunasalimiana."

Marthese aliuinua mfuko kwenye mwanga. Vipande vilikuwa vya njano, vyekundu, vya bluu, vya kila rangi, vimechanika hovyo. Aliyetumia kisu hiki alikuwa na haraka na hakujali rangi. Aliyekaa na mapipa ya Mtakatifu Rokku alikuwa na subira, na alichagua.

"Bwana Spagnol, ungetaka kumwangamiza mtu, ungetoa lebo ya bluu ukaacha ya njano?"

"Ningetoa zote." Fredu alisema haraka, kisha akaona alichokisema, akafunga macho. "Sasa mtaniandika hivyo."

"Sitakuandika hivyo."

Nje mtu alipiga geti kwa kitu cha chuma. Fredu aliruka kwenye kiti. "Inspekta, mkinitoa pale mbele bila jina la mtu mwingine, sifiki kwenye gari. Na mkinipeleka mahakamani nimekwisha vilevile. Mimi yule kijana nilimfundisha kuendesha lori."

* * *

Klabu ya Mtakatifu Rokku ilikuwa imefunikwa vitambaa vyekundu kwa ajili ya sikukuu, na juu ya vyekundu walikuwa wameshaanza kutundika vyeusi. Marthese alimwacha Pinu kituoni alinde geti, akaja peke yake. Wiġi, mzee wa baa, macho yakiwa yamevimba kwa kulia, alimuuliza atakunywa nini.

"Maji tu."

Wiġi alitoa chupa kwenye friji. Kabla hajaifikisha mezani aliifungua, akatupa kifuniko kwenye pipa la taka chini ya kaunta, akaiweka chupa mbele yake ikiwa wazi. Alifanya hivyo bila kuangalia, kama mtu anayefukuza nzi.

"Nitakwenda nayo. Nipe na kifuniko."

Wiġi aliona haya. "Samahani, Inspekta. Vifuniko vya kampuni hii ni vya bluu. Humu haviingii kwenye meza. Si mwezi wa Agosti, wa sikukuu."

"Mnavitupa vyote?"

"Tangu zamani. Marehemu baba yangu akienda na chupa njiani alikuwa akiiziba kwa kidole."

Marthese alitoka Gozo, kisiwa cha pili, na kwao kulikuwa na bibi mmoja aliyekata bluu yote kwenye zulia la mkwewe kwa mkasi, akaliacha na matundu. Watu waliisimulia harusini na kucheka. Hapo kwenye kaunta hakucheka. Aliweka chupa chini na kuanza kuangalia kuta.

Zilijaa picha. Bendi, sanamu ya mtakatifu na mbwa wake, mapadri waliokwishazikwa. Karibu na mlango wa nyuma palikuwa na mstari wa picha za aina moja: uwanja mbele ya kanisa, bendera ya mtakatifu, padri ameinua mkono, na mbele yake mapipa yamepangwa.

"Hii ni nini, Wiġi?"

"Baraka ya mzigo. Kila mwaka kemikali zikija, kabla hazijaanza kutumika, zinapelekwa mbele ya Mtakatifu Rokku. Hiyo ya mwisho ni ya Jumapili iliyopita. Mpwa wangu aliipiga." Alinyoosha kidole. "Clayton yule pale, kushoto."

Clayton alikuwa amevaa shati jekundu na anacheka. Marthese hakumwangalia sana, kwa sababu alijua akimwangalia sana hataona kingine. Aliangalia mapipa. Lebo za njano zilionekana wazi. Nyekundu pia. Kwenye mapipa manne ya mwisho hapakuwa na kitu, na moja kati ya hayo lilikuwa limeua mtu siku ya Jumatano.

Alirudi kwenye picha ya mwaka uliopita. Njano na nyekundu. Ya mwaka wa nyuma yake, vilevile. Aliufuata ukuta mpaka picha zilipoanza kufifia, na katika zote hapakuwa na hata chembe ya bluu.

"Nani anayapanga mapipa kwa ajili ya padri?"

"Mastro Salvu mwenyewe," Wiġi alisema, na hata kwenye huzuni ile kulikuwa na fahari. "Anajifungia nayo tangu alfajiri, anayapangusa. Hataki mkono wa mtu mwingine."

Marthese aliitoa picha ya mwisho ukutani. Alikuwa ametaka jibu tangu juzi, na sasa alipolipata angefurahi kumwachia mwingine alibebe.

* * *

Mastro Salvu Gatt alikuwa chumba cha nyuma, amekaa mbele ya kitambaa chekundu cha damaski kitakachofunika jeneza la mwanawe. Alikuwa mkuu wa fataki wa klabu, mwenye leseni, mtu ambaye hata polisi walimwita Mastro, yaani fundi mkuu. Hakusimama.

"Umemshtaki?"

"Bado."

"Unangoja nini? Azeeke?"

Marthese aliweka picha juu ya meza, mbali na kitambaa. "Mzigo ulifika Jumamosi, Mastro. Wewe mwenyewe ulimsimamisha Fredu barabarani. Funguo za banda ni za nani?"

"Zangu."

"Kuna nyingine?"

"Leseni ni yangu, funguo ni zangu. Sheria inasema hivyo. Unanifundisha?"

"Jumapili asubuhi mapipa yako mbele ya kanisa na lebo hazipo. Kati ya Jumamosi na Jumapili aliyekuwa nayo ni wewe. Na mwaka jana ulikuwa wewe. Na mwaka ule mwingine."

Salvu aliiangalia picha kwa hasira, kisha akamwangalia yeye. "Ulitaka nimpelekee Mtakatifu Rokku bluu? Siku yake? Mbele ya uso wake?"

Aliisema kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Marthese aliona namna neno lilivyomrudia, kwanza kwenye macho, halafu mdomoni, na mkono wake mkubwa ukaanza kukunja pindo la damaski na kulikunjua.

"Nilizitoa na kisu cha jikoni," alisema. "Taratibu. Sikutaka kukwaruza rangi."

"Mapipa yale ulikuwa unayatambuaje?"

"Mimi nayajua."

"Na Clayton?"

Nje bendi ilikuwa inafanya mazoezi ya maandamano ya mazishi, wakirudia palepale ambapo tarumbeta ilikuwa inakosea.

"Nilimfundisha mwenyewe," alisema Salvu. "Kabla hajajua kusoma. Ukiona bluu, mchanga. Ukiona bluu, mchanga. Alikuwa anauimba nyumba nzima mpaka mama yake anamfukuza." Alipangusa uso kwa kiganja. "Hakuiona."

Marthese alimwonea huruma na alimkasirikia, vyote kwa pamoja. "Kwa nini ulimtaja Fredu?"

"Daktari alitoka, akatikisa kichwa. Watu wote wakaniangalia mimi. Nikasema jina la Fredu kabla sijafikiri. Baada ya hapo sikuhitaji kulisema tena, walikuwa wanalisema wao."

"Nina picha na nina gundi, Mastro. Wakili mzuri atavicheka. Bila maelezo yako, jioni hii Fredu anatoka mbele ya watu wale akiwa ndiye muuaji, nimshtaki nisimshtaki."

"Nikisema, klabu inafungwa."

"Ndiyo."

"Na mimi nazikaje mtoto?"

Salvu alikikunja kitambaa vizuri, kona kwa kona, akakiweka kwenye kiti. Kisha akachukua kofia.

"Atatoka na mimi," alisema.

* * *

Pinu aliyasikia maelezo mwanzo mpaka mwisho. Salvu alipoweka sahihi, Sajini alitoka kwenda kumfungulia Fredu, na huko akachukua muda mrefu kuliko kufuli linavyohitaji.

Marthese alitaka watumie mlango wa nyuma. Salvu alikataa. Mlango wa mbele ulipofunguliwa, barabara ilikuwa imejaa mashati mekundu, na kelele zilipanda walipomwona Fredu, halafu zikakatika walipoona ni nani aliyesimama mbele yake.

"Mastro, sogea," mtu alisema. "Mwachie sisi huyo."

"Mimi ndiye niliyezitoa," alisema Salvu.

Hawakuelewa. Alirudia kwa sauti zaidi. Lebo za bluu, yeye, kwa mkono wake, kwa ajili ya baraka. Fredu hakugusa kitu.

"Msiba umemchanganya," Wiġi alisema huku analia. Mwingine akapaza sauti kwamba wamemlazimisha, tazameni walivyomfanya mzee wa watu siku ya kuamkia mazishi. Mtu alianza kupiga makofi kumpa moyo, na makofi yakaenea, na katikati ya makofi hayo Salvu alikuwa akisema ni mimi, ni mimi, akiwashika mabega waliokuwa karibu, nao wakimwambia apumzike. Jiwe dogo lilipita juu ya kofia yake na kumpata Fredu sikioni. Pinu akasimama mbele ya Fredu kwa mwili wake wote. Marthese aliweka mkono kwenye redio. Aliogopa, na aliona Pinu naye ameogopa.

Ndipo mwanamke mfupi mwenye nguo nyeusi alipowapita watu. Alikuwa Ċetta, mke wa Salvu, mama wa Clayton. Makofi yalikufa. Alifika ngazini, akasimama chini ya mumewe.

"Kila mwaka unazitoa," alisema. Hakupaza sauti, lakini walimsikia. "Naziokota jikoni kwangu. Halafu baraka ikiisha unaniomba chaki, unarudi bandani, unaandika juu ya kila mfuniko. Mchanga. Kwa herufi kubwa."

"Ndiyo."

"Jumapili hukuniomba chaki, Salvu."

Salvu alivua kofia. "Padri alibaki kula," alisema. "Tukanywa. Nikasema nitaandika kesho."

Ċetta alisubiri, labda kulikuwa na kingine. Hakikuwepo. Alimtazama Fredu aliyekuwa na damu kwenye sikio, nyuma ya Sajini.

"Nenda nyumbani, Fredu," alisema. "Kwako wanakungoja."

Watu walipisha njia, kila mmoja akiangalia viatu vyake, na Fredu akapita katikati yao bila kuguswa. Salvu alimnyooshea mkewe mkono ili amsaidie kupanda ngazi. Ċetta alikuwa ameshageuka. Alifuata njia ileile waliyomfungulia Fredu kabla haijafungika, na hakutazama nyuma. Mzee alibaki na mkono wake hewani kidogo, kisha akaushusha, akaingia ndani ya kituo mwenyewe, bila kuambiwa.